Niuze shamba ili nikapigwe picha ya ubongo?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Salaam sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mama wa watoto wawili, na umri wangu ni miaka 38. Katikati ya mwaka 2021 niliugua homa na kikohozi, pua ikapoteza harufu kabisa, na nyumbani kwetu karibu kila mtu aliugua. Wenzangu walipona. Kwangu homa iliondoka, lakini nguvu hazijarudi hadi leo.

Uchovu ninaousema si ule wa kushinda darasani kutwa, ambao mtu akilala huamka umekwisha. Nikisahihisha madaftari hadi usiku, kesho yake naweza kuonekana mzima, lakini siku inayofuata naanguka kitandani, viungo vinauma, koo linawasha, na hata kunyanyua ndoo ya maji siwezi. Nalala saa nyingi na kuamka kana kwamba sikulala. Nikiwa ubaoni maneno hunipotea. Nimewahi kusimama mbele ya darasa la tano nikitafuta jina la mtoto niliyemfundisha tangu darasa la tatu, nisilipate. Kwenye paredi ya asubuhi, nikisimama dakika chache tu, moyo unakwenda mbio, macho yanaingia giza, na hulazimika kuegemea ukuta mbele ya wanafunzi.

Nimepimwa malaria na taifodi mara nyingi, na karibu kila mara niliandikiwa dawa. Nimepimwa virusi vya Ukimwi, sukari, kifua kikuu, wingi wa damu na tezi ya thairoidi, na majibu yote ni mazuri. Daktari wa mwisho aliniambia, "Dada, huna ugonjwa, ni mawazo tu," akaniandikia vidonge vya usingizi. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na wala simlaumu, alinipeleka kusomewa, na sasa anasema kinachonimaliza ni kukaa, hivyo nitembee kila alfajiri mpaka Raskazone na kurudi. Nilijaribu kwa siku chache, kisha nikalala kitandani kwa muda mrefu kuliko ule niliotembea.

Kaka yangu anayefanya kazi Muscat ndiye amenichanganya zaidi. Ananitumia makala ndefu za utafiti wa ubongo kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu. Moja inasema wanasayansi wameona ubongo wa wagonjwa una inflamesheni, yaani kinga ya mwili imewaka kama inavyowaka penye jeraha, nyingine inasema hawakuona kitu. Yeye anataka tuuze sehemu yetu ya shamba la michungwa tulilorithi Muheza, niende India nikapigwe picha za ubongo za MRI na PET, ili nirudi na ushahidi mkononi. Mume wangu amenivumilia sana, lakini juzi aliniambia, "Kama tatizo liko kwenye ubongo, basi yule daktari aliyesema ni mawazo hakukosea."

Naomba unieleze bila kunificha: utafiti huo wa ubongo unanihusu mimi au hapana? Niuze shamba? Nimjibu nini mume wangu? Na hayo matembezi ya alfajiri niendelee nayo?

Mwalimu wa Tanga

JIBU

Mwalimu, salaam, na pole sana kwa maradhi na kwa maneno uliyoambiwa ukiwa ndani ya maradhi.

Nianze na lile lenye haraka. Usiuze shamba. Hakuna picha ya ubongo popote duniani, iwe India, Marekani au Ujerumani, ambayo leo inaweza kuthibitisha kwamba mtu mmoja mmoja ana ugonjwa wa uchovu sugu, ule unaofahamika kimataifa kwa herufi ME/CFS, au kwamba hana. Ukienda ukapigwa MRI ya kawaida, uwezekano mkubwa ni kwamba utarudi na karatasi iliyoandikwa kuwa ubongo wako hauna kasoro, na karatasi hiyo itatumika dhidi yako na watu walewale unaotaka kuwanyamazisha. Hata hivyo utafiti anaokutumia kaka yako una maana kubwa kwako, na naomba uvumilie nikueleze maana hiyo iko wapi, kwa sababu haiko pale anapoitafuta yeye.

Utafiti ulioleta habari ya inflamesheni ulifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2014. Wanasayansi waliwadunga wagonjwa 9 na watu wazima wa afya 10 kiasi kidogo cha kemikali yenye mionzi, inayong'ang'ania mahali ambapo seli za kinga za ubongo, yaani maikroglia, zimeamka, kisha wakawapiga picha kwa mashine ya PET. Kwa wagonjwa, kemikali hiyo ilijikusanya zaidi katika sehemu kadhaa za ubongo, zikiwemo zile zinazohusika na kumbukumbu, hisia za maumivu na usikivu. Habari ikaenea, na kwa haki, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa kitu kama hicho kwa wagonjwa wa aina hii walio hai. Kisha watafiti wa Uholanzi wakatumia kemikali ileile kwa kundi dogo la wagonjwa wa aina hiyo, na hawakuona tofauti kati yao na wenye afya. Makala mbili za kaka yako, kwa maelezo yako, huenda ndizo hizo, na wala hakuna anayedanganya. Ukipima watu 9 au 10 kwa kipimo chenye makosa mengi ya asili, kundi moja laweza kukuonyesha kitu na kundi jingine lisikuonyeshe.

Hapa ndipo pa kumwelewesha kaka. Utafiti wa namna hii hulinganisha wastani wa kundi na wastani wa kundi jingine. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo chukua mfano wa darasani: wastani wa mkondo A katika hesabu unaweza kuuzidi wa mkondo B, lakini ukipewa karatasi moja ya mtihani yenye alama 62 bila jina, huwezi kusema imetoka mkondo gani. Karatasi yako moja kutoka India ingekuwa hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, nacho kilichapisha mwaka 2014 picha za MRI za wagonjwa 15 na watu 14 wenye afya, kikaripoti kwamba maada nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo, ilikuwa pungufu kwa wagonjwa. Huko nako tofauti ni ya kundi kwa kundi, na daktari aliyekaa na picha ya mgonjwa mmoja hana mstari wa kuchora na kusema hapa ni mgonjwa na hapa ni mzima.

Sasa nimgeukie shemeji, kwa sababu hoja yake ina historia ndefu kuliko anavyodhani. Mwaka 1955 ugonjwa wa ajabu uliingia Hospitali ya Royal Free, London. Karibu watumishi 300, wengi wao wauguzi na madaktari, waliugua, na hospitali ikafungwa kuanzia Julai hadi Oktoba. Mwaka uliofuata jarida la tiba la Lancet likapendekeza jina la maradhi hayo, ensefalomielaitisi, ambalo ndilo asili ya herufi ME, yaani maradhi ya ubongo na uti wa mgongo yanayoambatana na maumivu ya misuli. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likaliingiza katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa fahamu, na huko ndiko lilipo hadi leo. Lakini mwaka 1970 madaktari wawili wa akili wa Uingereza walisoma upya mafaili ya Royal Free na kuandika kwamba ilikuwa taharuki ya kundi, na sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba waliougua walikuwa wanawake wengi zaidi. Maandishi hayo yalitembea mbali. Sioni ajabu kwamba zaidi ya nusu karne baadaye bado mwalimu wa kike anaambiwa ni mawazo tu.

Mweleze mumeo kwamba kifafa kiko kwenye ubongo, kiharusi kiko kwenye ubongo, malaria ikipanda kichwani inashambulia ubongo, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa kiharusi ajikaze ainuke. Ubongo ni kiungo cha mwili chenye damu, seli, kinga na kemikali zake. Ndio unaopima kila dakika kama mwili una nguvu za kutosha au hauna, na ndio unaoendesha mapigo ya moyo, usingizi, joto na shinikizo la damu bila kutuomba ruhusa. Mtu yeyote akipata homa kali hulala, hukosa hamu ya kula, hushindwa kufikiri, na hataki kuguswa. Hiyo ni kazi ya ubongo unaopokea taarifa kutoka kwenye kinga ya mwili, kwa njia ya damu na kwa njia ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi tumboni, kisha unauamuru mwili utulie. Mojawapo ya dhana zinazochunguzwa kwa bidii ni kwamba kwa baadhi ya watu amri hiyo haizimiki hata adui anapokuwa ameondoka, au ameacha mabaki yanayoendelea kuichokoza. Bado ni dhana, lakini inalingana vizuri na jinsi ulivyoanza kuumwa.

Kuhusu hilo la mawazo, upo utafiti mmoja ningependa shemeji ausikie kuliko hizo picha zote. Katika mji wa Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 tangu walipopata maambukizi ya virusi vya Epstein-Barr, homa ya Q (inayoletwa na bakteria) au virusi vya Ross River. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miezi sita, karibu asilimia 11 walikuwa na hali inayolingana na ugonjwa wa uchovu sugu, na iliwapata baada ya vimelea vyote vitatu, ingawa havifanani hata kidogo. Kilichobashiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa maradhi ya mwanzo. Historia ya matatizo ya akili haikubashiri. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kupata sonona juu ya ugonjwa wake, na sonona hiyo itibiwe bila aibu, lakini kuja kwake baadaye hakuifanyi kuwa chanzo.

Utafiti wa kina zaidi wa ubongo tulionao ni ule wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, uliochapishwa Februari 2024. Ulikuwa na wagonjwa 17 tu, wote walioanza kuumwa baada ya maambukizi, na watu 21 wenye afya, lakini walichunguzwa kuanzia maji ya uti wa mgongo hadi misuli. Wagonjwa walipoombwa kubana kifaa kwa mkono tena na tena, nguvu ya mbano ilishuka mapema, ilhali misuli yenyewe haikuonyesha dalili za kuchoka zilizotarajiwa, na sehemu ya ubongo inayoamuru misuli iliendelea kuchemka. Eneo la ubongo lililo upande wa kulia, nyuma ya juu ya sikio, linalosaidia kulinganisha kile tulichokusudia na kile mwili unachokifanya, ndilo lililokuwa limepoa. Katika maji ya uti wa mgongo, kemikali za kundi la dopamini na noradrenalini, zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, zilikuwa chini kuliko kwa wenye afya.

Watafiti wakalieleza jambo hilo kama suala la wagonjwa kupendelea kutumia juhudi ndogo, na hapo wagonjwa wakakasirika, nami naona walikuwa na haki. Mtu anayejua kwamba akijituma leo atalala siku tatu hachagui kwa upendeleo, anahesabu. Ningewashauri wanafamilia waangalie vipimo na waiache tafsiri hiyo. Vipimo vinasema kwamba mawasiliano kati ya ubongo na mwili yamevurugika, na kwamba kumhimiza mgonjwa aongeze nia hakugusi mahali palipovurugika.

Sasa nije kwenye ukuta unaouegemea wakati wa paredi, maana hapo ndipo utafiti wa ubongo unakugusa wewe moja kwa moja, na gharama yake ni ndogo. Kliniki moja ya Uholanzi iliwapima wagonjwa 429 kwa kuwalaza kwenye meza inayoinuliwa taratibu hadi mtu awe amesimama, huku mawimbi ya sauti yakipima damu inayopita kwenye mishipa ya shingo kwenda kichwani. Kwa watu wenye afya, damu hiyo ilipungua kwa asilimia 7 walipoinuliwa. Kwa wagonjwa ilipungua kwa asilimia 26. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020, na jambo lililonigusa ni kwamba upungufu ulionekana hata kwa wagonjwa wengi ambao mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilikuwa vya kawaida. Ubongo unaokosa zaidi ya robo ya damu yake ukiwa umesimama utapoteza majina ya watoto. Kwa hiyo kabla hujajilaumu kwa kusahau darasani, jiulize ulikuwa umesimama muda gani.

Hatuna meza hiyo kila mahali, lakini kipo kipimo cha wima ambacho mhudumu yeyote wa zahanati au kituo cha afya anaweza kukifanya kwa mashine ya kupimia presha. Ulale chali kwa utulivu kama dakika kumi, upimwe presha na mapigo. Kisha usimame umeegemeza mgongo ukutani, visigino vikiwa mbali kidogo na ukuta, bila kuongea wala kutikisa miguu, upimwe kila dakika hadi dakika kumi, na pawe na mtu wa kukudaka, kwa sababu wapo wanaoanguka. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na kubaki huko, bila presha kushuka sana, daktari ana jambo lenye jina la kulishughulikia. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, nalo ni jambo jingine lenye jina. Majibu yakiwa ya kawaida, kumbuka hao wa Uholanzi. Likionekana tatizo, zipo hatua za kuanzia: kunywa maji mengi zaidi, kuongeza chumvi (endapo tu daktari amehakikisha huna presha ya kupanda wala tatizo la figo), soksi ndefu za kubana, kutosimama palepale muda mrefu, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kuzijaribu.

Mpelekee daktari huyo, na ikiwezekana awe mwingine na si yule wa mawazo, vigezo vilivyotolewa mwaka 2015 na taasisi ya tiba ya Marekani. Vinataka mambo matatu kwa pamoja: kupungua sana kwa uwezo wa kufanya shughuli za zamani kwa zaidi ya miezi sita, pamoja na uchovu mpya usioondolewa na mapumziko, kuzidiwa baada ya kujitumikisha mwili au akili, na usingizi usioburudisha. Juu ya hayo liwepo mojawapo kati ya akili kupoteza wepesi wake na kuzidiwa ukiwa umesimama. Barua yako inayo yote hayo, ingawa mimi siwezi kutaja ugonjwa wa mtu kwa barua, na taasisi hiyohiyo ilikadiria kwamba huko Marekani kwenyewe walio wengi miongoni mwa wagonjwa, zaidi ya asilimia 80, hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Daktari aangalie pia kama vipimo vya figo, ini, akiba ya madini ya chuma na homa ya bruselosi vimefanyika, maana hukuvitaja, na bruselosi kwetu huku ambako maziwa hunywewa bila kuchemshwa inaweza kuleta uchovu wa miezi. Kama mumeo anakusikia ukikoroma na kukatika pumzi usingizini, hilo nalo lisemwe. Dawa za taifodi usizimeze tena kwa kuwa tu kipimo cha damu cha haraka kimesema ndiyo. Kipimo hicho mara nyingi hujibu ndiyo kwa mtu asiye na taifodi.

MRI ya kichwa ina mahali pake. Ukipata udhaifu wa upande mmoja wa mwili, degedege, maumivu mapya makali ya kichwa, macho kupoteza uwezo wa kuona au ulimi kuwa mzito ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, na picha ikihitajika itapigwa hapa nchini katika hospitali kubwa za rufaa. Lakini hapo itakuwa inatafuta uvimbe, damu au kiharusi, si uchovu sugu.

Kuhusu Raskazone, acha. Simulizi ya mazoezi ina historia yake chungu. Mwaka 2011 utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 641 ulitangaza kwamba mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo, pamoja na tiba ya mazungumzo, huwapa wagonjwa nafuu, baadaye watafiti wake wakaripoti kwamba baadhi yao walipona, na ulimwengu wa tiba ukaupokea. Wagonjwa waliolalamika kwamba mazoezi yanawaumiza waliitwa wakaidi. Data zilipotolewa mwaka 2016 kwa amri ya baraza la rufaa, ikaonekana kwamba vigezo vya kumhesabu mtu amepona vilikuwa vimelegezwa kuliko vilivyopangwa mwanzo. Oktoba 2021 taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, NICE, iliyaondoa mazoezi ya kuongezwa kwa mpango katika tiba za ugonjwa huu. Na mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu 25 wenye athari za muda mrefu za UVIKO-19, kabla na baada ya kuendesha baiskeli ya mazoezi hadi nguvu zikaisha, wakakuta kwamba siku iliyofuata misuli ilikuwa na majeraha mapya na viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli vilifanya kazi vibaya zaidi kuliko mwanzo. Hilo ndilo la kumwambia mama yetu kwa adabu: kutembea ni dawa ya maradhi mengi, likiwemo la presha na la sukari, na ushauri wake ungekuwa sahihi kwa wengi wa wanawake wa rika lako, isipokuwa wewe kwa sasa.

Kinachobaki mahali pa mazoezi ni kugawa nguvu, na kina kanuni ngumu kuliko inavyosikika: simama kabla hujachoka. Andika kwenye daftari kwa majuma machache ulichofanya na siku ulizoanguka, uangalie nyuma siku mbili tatu kabla ya kila anguko, kwa kuwa chanzo mara nyingi hakiko siku ileile. Nadhani utaona kazi ya akili inakuangusha sawa na ya mikono. Siku njema ndizo zenye hatari zaidi, maana mtu hufua, hupika na kusahihisha vyote kwa pamoja kulipa madeni ya siku mbaya. Dawa ya kuponya ugonjwa huu haijapatikana. Baadhi ya watu hupata nafuu kwa miaka, wachache hupona kabisa, na wengi wanaojiheshimu katika kugawa nguvu huanguka mara chache zaidi. Utafiti wenyewe hausimami: mwaka 2025 watafiti wa Edinburgh walitoa matokeo ya awali ya vinasaba vya zaidi ya wagonjwa 15,000, wakaonyesha maeneo manane ya vinasaba yanayotofautiana na ya watu wengine, baadhi yakihusu kinga ya mwili na mengine mfumo wa fahamu. Idadi kama hiyo haiyumbi kirahisi kama ile ya watu 9.

Kaka mshukuru. Mwambie kwamba nia yake ni njema na kwamba ukitaka msaada wake, mashine nzuri ya kupimia presha na mapigo, na mshahara wa binti wa kukusaidia kufua na kuchota maji, vitakufaa kuliko tiketi ya ndege. Safari yenyewe, pamoja na viwanja vya ndege, foleni na kusimama kwingi, ingeweza kukuangusha kabla hata hujafika kwenye mashine.

Kwa mwalimu mkuu, omba daktari akuandikie barua isiyotaja ubongo wala mjadala wa wanasayansi, bali itaje mahitaji: kufundisha ukiwa umekaa, kusamehewa paredi, vipindi vyako vipangwe na nafasi ya kupumzika katikati, na usahihishaji wa mitihani ugawanywe na mwalimu mwingine au uongezewe siku. Ipeleke kabla mitihani ya muhula haijaanza, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe madaftari ya usiku ndiyo yanayokuangusha zaidi, na ni rahisi zaidi kwa mwalimu mkuu kubadilisha ratiba ambayo bado hajaibandika ukutani.